Ile ya Bahija

Wifi yangu Zubeda alikuwa na maneno mengi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na Mungu alipotaka kumpunguzia alianza na hayo hayo maneno. Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 2011, siku ya Jumanne. Alikuwa amekaa jikoni kwetu Troyeville anachambua mchele, huku akinisema kwa kuwa nimetia maji mengi kwenye maharage. Alifika katikati ya maneno akanyamaza. Nikadhani amenihurumia. Nilipogeuka, mchele ulikuwa umemwagika mapajani na mdomo wake umekwenda upande.

Hospitali walimrudisha baada ya wiki tatu. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala. Akili ilikuwapo, macho yalikuwapo, lakini katika maneno yote aliyokuwa nayo lilibaki moja tu: basi. Akitaka maji, "basi." Akitaka mto uinuliwe, "basi." Akikasirika, "basi, basi, basi," mpaka wajukuu zangu wanakimbilia chumbani. Wajukuu hao wamezaliwa hapa Johannesburg na mimi wananiita gogo, kama wanavyoita bibi zao watoto wa hapa. Zubeda alikuwa akinicheka sana kwa jina hilo. "Kwetu gogo ni kipande cha mti," alikuwa akisema, "na hawakukosea, mwenzangu, tazama unavyokaa." Baada ya Aprili ile hakuna aliyenicheka tena.

Nieleze kwanza habari ya Bahija, maana bila yeye hakuna ninachoweza kusimulia.

Mimi na Zubeda tulikua mtaa mmoja Tanga, kabla mimi sijaolewa na kaka yake Othmani. Siku hizo sinema ya mjini ilikuwa na siku ya wanawake, Jumatano alasiri. Wanaume hawaingii. Tulijaa mle ndani na mabuibui yetu, na visheti, na watoto wa kunyonya, na kelele. Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi, lakini mara moja kwa mwezi ililetwa ya Misri, na katika filamu za Misri sisi tulikuwa na mtu wetu mmoja, Bahija Nuri.

Sijui nimweleze vipi kwa mtu ambaye hakumwona. Hakuwa mzuri sana wa sura. Meno yake ya mbele yalipishana kidogo na pua ilikuwa kubwa. Lakini akiingia kwenye picha, hata akiwa amebeba ndoo tu, macho yote yanamfuata. Na akiimba, wale wanawake waliokuwa wakipiga kelele wananyamaza, wanawanyamazisha na watoto. Zubeda alikuwa mshonaji, akashona mikono ya magauni kama ile ya Bahija, mipana mabegani, inayobana kwenye kiwiko. Mwaka huo Tanga nzima ikavaa "mkono wa Bahija." Na kwa kuwa Zubeda alikuwa na sauti, akaanza kuimba nyimbo zake kwenye harusi za wanawake.

Kuzipata nyimbo zenyewe ilikuwa kazi. Sahani za santuri hazikutufikia, na Kiarabu hatukukijua isipokuwa kile cha chuoni, cha kusoma Kurani bila kujua maana. Tukagawana. Wimbo ukianza, mimi nashika mwanzo wa kila mstari, Zubeda anashika mwisho. Tukitoka sinema hatuzungumzi na mtu, hatuitiki salamu, tunakwenda moja kwa moja kwao, yeye anafungua daftari, mimi nasema mwanzo, yeye anajibu mwisho na kuandika. Watu walituona kama wendawazimu, wasichana wawili wanapita barabarani wamefumba midomo. Lakini hivyo ndivyo tulivyopata nyimbo kumi na saba.

Mmoja kati ya hizo ulikuwa tofauti na nyingine. Filamu yenyewe ilikuwa imechakaa, imekatwakatwa na kuungwaungwa, hata kisa hatukukielewa. Lakini palikuwa na mahali ambapo Bahija amevaa nguo nyeusi, amesimama peke yake uwanjani, ameinua uso na mikono juu, anaimba na machozi yanamtoka. Mwanzo ulikuwa hivi: "Ya Ghafari." Na mwisho, "shuaya Maliki." Spika za sinema zilikuwa zikikwaruza, lakini hayo tuliyasikia vizuri. Ghafari ni Mwenye kusamehe. Maliki ni Mfalme, nani asiyejua, tunalisoma kila siku katika Alhamdu. Mwanamke aliyevaa nyeusi, mikono juu, analia. Ilikuwa wazi kwamba ni dua.

Mwaka 1966 nilifiwa na mtoto wangu wa kwanza. Aliitwa Arafa, alikuwa na miaka miwili na miezi minne, homa ilimchukua kwa siku tatu. Siku ya pili ya matanga nilikuwa sijalia bado. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka natazama ukuta, na wanawake walikuwa wakinong'onezana kwamba akili yangu itaharibika. Zubeda akaja akakaa nyuma yangu, akaniegemeza kifuani kwake, akaanza kuimba kwa sauti ya chini sana, "Ya Ghafari, shuaya Maliki." Aliuimba wote. Wanawake wakainua mikono, na kila mstari ukiisha wakaitikia amin. Ndipo nikalia. Nililia mpaka nikalala, na nilipoamka niliomba uji.

Tangu siku hiyo, likinifika jambo zito, nilikuwa nasoma nilichokijua, yaani mstari wa kwanza ambao ndio unaorudiwa, pamoja na mianzo ya mistari mingine. Miisho alikuwa nayo Zubeda. Daftari lenyewe aliniambia limeliwa na mchwa. Nilimwambia mara nyingi anifundishe dua nzima. Alikuwa akinijibu, "Ya nini? Mimi si nipo?"

Nilipokuja huku kukaa na mwanangu Suhaib na mkewe, nilimwita Zubeda naye aje, maana wote tulikuwa wajane. Alikuja mwaka 2008. Jioni moja, kama mwaka hivi kabla hajapata kiharusi, tulikuwa tunakunja nguo. Akaniambia bila kunitazama, "Wifi Mayasa, siku yangu ikifika, usiniache niende kimya kimya. Nisomeeni Yasini, na shahada unitamkie. Halafu uniimbie ile ya Bahija."

"Ile dua?"

"Ile ya Bahija," akasema. "Yote, usiniimbie nusu."

"Mimi ninayo nusu tu, na wewe unajua."

"Basi nitakupa nusu yangu. Siku moja moja." Akanirushia soksi. "Tena ujifunze kuimba kwanza, usije ukanitoa roho kabla ya wakati."

Hakuwahi kunipa. Siku hizo moja moja zilipita, tukiwa na mambo yetu, na kisha ikaja ile Jumanne ya mchele.

Katika mwaka ule wa ugonjwa wake aliyenisaidia zaidi alikuwa Emérite, Mrundi anayekaa mlango unaotazamana na wetu. Alikuja kwenye jengo letu mwaka 2009 na mabegi mawili. Mumewe Aloys alibaki Bujumbura na habari zake hazikuwa zikifika. Miezi ile ya mwanzo alikuwa akigonga kwetu kila baada ya siku mbili tatu, na kikombe mkononi.

"Mama Mayasa, munisaidie na chumvi kidogo."

Nami namtilia chumvi, namrudishia kikombe, nafunga mlango kwa sababu ya baridi ya kwenye korido. Zubeda alikuwa akisema kwa sauti ili asikie, "Huyu anakula chumvi kama mbuzi! Huko Burundi mnailamba?" Emérite alikuwa akitabasamu. Kisha akapata kazi ya kusuka nywele saluni, akazoeana na watu, na chumvi akaacha kuomba.

Huyo ndiye aliyekuja asubuhi tuliyomrudisha Zubeda kutoka hospitali. Akasimama mlangoni akasema, "Mama, mimi naingia kazini saa sita. Asubuhi zangu ziko huru. Nitamuogesha, nyinyi mgongo wenu hauwezi." Alimwogesha miezi kumi na tano. Hakukosa hata Jumapili. Jumapili alimwogesha kwanza ndipo akaenda kanisani, na mara nyingi alichelewa misa. Alikuwa anajua kwamba Zubeda hapendi kuguswa kichwani na maji ya baridi, kwa hiyo alikuwa anatia kiganja chake kwanza majini, anakipasha joto, kisha anampaka. Hakuna aliyemfundisha.

Mwezi wa Julai 2012 daktari alituambia tusimpeleke tena hospitali, tukae naye nyumbani. Alikuwa amepata kiharusi cha pili. Alikuwa hali, anameza vijiko viwili vitatu vya uji, na sauti yake ya "basi" ilikuwa imepungua. Nikajua siku yake imekaribia na mimi bado nina nusu ya dua. Jambo hilo lilinisumbua kuliko kufa kwenyewe. Kufa ni kazi ya Mungu. Lakini ahadi ilikuwa yangu.

Wiki hiyo hiyo Suhaib alirudi kutoka kazini na simu yake mkononi. Anatengeneza simu kwenye kibanda ndani ya duka moja kubwa kule Marshalltown.

"Mama, Bahija wenu si huyu?"

Alikuwa yeye. Kwenye habari walionyesha kwanza picha ya zamani, ile ya meno yaliyopishana, kisha picha ya bibi kizee mwenye kitambaa cheupe. Amekufa Cairo, na umri wake miaka sabini na minane. Nikamsomea inna lillahi. Kisha Suhaib akanionyesha mazishi. Barabara ilikuwa imejaa watu mpaka kwenye madirisha, na wanawake, wengi wazee kama mimi, walikuwa wameinua mikono, na kila mmoja ameshika kipakiti kidogo cheupe.

"Wameshika nini?"

Suhaib akaikuza picha kwa vidole. "Inaonekana kama chumvi."

"Wanaondoa husuda? Kwenye maiti?"

"Eish, mama, hata mimi sijui. Kuna Mmisri anauza mablanketi jirani na mimi. Twende kesho ukamuulize."

Nikaona kwamba Mungu amenifungulia njia. Mmisri atakuwa anaijua dua ya Bahija. Atanipa miisho.

Kesho yake nilimwacha Zubeda na Emérite, tukaenda. Yule Mmisri anaitwa Shukri, mtu wa makamo, mnene, mwenye sauti ya upole. Kulikuwa na baridi kali siku hiyo. Aliponiona ninatetemeka alinyanyuka akanipa kiti chake, kisha akashusha blanketi jipya kutoka juu, akachana ile karatasi ya nailoni, akanifunika magotini. Nilikaa kwenye biashara utotoni, najua blanketi likishachanwa karatasi haliuzwi tena kwa bei yake. Nikamwambia Suhaib amkataze. Shukri akafanya kama hasikii, akaenda kutafuta chai.

Alizungumza Kiingereza na Suhaib, na Suhaib akanitafsiria. Nilipotaja jina la Bahija alishika kifua. Mama yake, alisema, amelia siku tatu, hapokei hata simu.

Akanisimulia mambo ambayo sisi Tanga hatukuyajua. Baba yake Bahija alikuwa mpiga pasi katika mji mdogo, na yeye alikuwa akizunguka na nguo za watu kichwani akiimba ili wajue nguo zao zimefika. Mtu wa redio alimsikia hivyo, kutoka dirishani. Filamu ya kwanza alipewa nafasi ya mtumishi, aseme maneno manne tu, lakini watu wakatoka wakiuliza yule mtumishi ni nani. Akacheza filamu kumi na moja katika miaka kumi. Kisha akatokwa na uvimbe kooni. Wakampasua, akapona, lakini sauti ya kuimba haikurudi.

"Alikuwa na miaka thelathini na tatu," Shukri alisema. "Wote wakasema amekwisha."

Alikaa ndani miaka sita. Aliporudi, alirudi kuigiza tu, kwa sauti ile iliyobaki, nzito, yenye mikwaruzo. Akawa mama wa watu, shangazi wa watu, bibi anayekaa dirishani. Watu wakampenda zaidi kuliko alipokuwa akiimba. Wakimwomba aimbe, alikuwa anaweka kiganja kooni na kucheka, kisha anawaambia, "Imbeni nyinyi, mimi nawasikiliza." Na kweli, popote alipokwenda, watu ndio waliomwimbia yeye. Walikuwa wakimwita Bibi wa Majirani.

"Kwa nini majirani?" nikauliza.

"Kwa sababu ya ule wimbo wa chumvi."

Sikuwa na haja na wimbo wa chumvi. Nilikuwa na haja na dua, na nilimwacha wifi yangu anapumua kwa shida. Nikamwambia, nitakusomea mwanzo, unipe miisho. Nikakohoa, nikasoma, "Ya Ghafari, shuaya Maliki."

Akaomba nirudie. Nikarudia. Nikaendelea na mianzo mingine. Akamuuliza Suhaib kitu, na Suhaib akaniambia, "Anataka kujua nyinyi mlidhani maana yake ni nini."

Nikamweleza yote. Filamu iliyokatwakatwa, mikono juu, Arafa, matanga, wanawake waliosema amin. Suhaib mwenyewe alikuwa hajawahi kusikia habari za dada yake kwa urefu namna ile, akawa anatafsiri polepole. Shukri alisikiliza huku anatazama chini. Kisha akasema maneno machache, na Suhaib hakuyatafsiri.

"Sema," nikamwambia.

"Mama, haina haja."

"Suhaib. Sema alichosema mwenzio."

Shukri hakumngoja. Aliimba mwenyewe, taratibu, kati ya yale mablanketi, na wateja wakigeuka kutazama. Ilikuwa ni ile ile. Lakini hakusema Ya Ghafari. Alisema "ya garti." Na hakusema Maliki. Alisema "malhi."

Wamisri, alinieleza, herufi ya jimu wao wanaitamka kwa ga. Garti ni jarati. Hapo hata mimi nikaelewa, maana ni neno letu, jirani. Na malhi ni chumvi, shuaya ni kidogo. Jirani yangu, nipe chumvi kidogo. Katika ile filamu Bahija alikuwa amefiwa, na baada ya watu kuondoka alitoka uwanjani na kumwita jirani aliyekaa ghorofani. Mikono yake ilikuwa imeinuliwa kwenye dirisha. Kipande chenye dirisha ndicho kilichokatwa katika filamu yetu.

Shukri akaniandikia maneno yote, na Suhaib akayaandika kwa herufi zetu, pamoja na maana yake. Ninayo karatasi hiyo mpaka leo.

*Jirani yangu, nipe chumvi kidogo.*
*Kopo langu limejaa, nyumba ndiyo iliyo tupu.*
*Nimetoa vikombe viwili kwa mazoea, kimoja nikakirudisha.*
*Jirani yangu, nifungulie tu. Chumvi utanipa kesho.*

Shukri alitusindikiza hadi kwenye gari, na blanketi akalikataa, akasema nimpelekee mgonjwa. Kwenye robot ya pili, ndivyo wanavyoita hapa taa za barabarani, Suhaib akanishika mkono, na taa ilipokuwa kijani magari ya nyuma yakampigia honi.

Nitasema ukweli, niliona aibu. Miaka arobaini na sita nilikuwa nikimwomba Mungu chumvi. Na wale wanawake wote waliosema amin, wengi sasa wako chini ya ardhi. Lakini iliyoniumiza zaidi ilikuwa ni kufikiri juu ya Zubeda. Yeye ndiye aliyeniegemeza kifuani. Katika maisha yake hicho ndicho kitu kikubwa alichonipa, naye anakijua. Nitakwenda kumwambia sasa, akiwa hawezi hata kujitetea, kwamba alinisomea habari za jikoni? Nikaamua simwambii. Nitamwimbia kama tulivyoimba siku zote, Ya Ghafari, Maliki, na hiyo karatasi ya Shukri itanisaidia kwenye miisho mingine. Aende na dua yake.

Kufika nyumbani nilimkuta Emérite amekaa kitandani, mguu wa Zubeda uko mapajani kwake, anamkata kucha. Nikamfunika Zubeda lile blanketi. Emérite akaniuliza kama nimepata. Nikampa karatasi aisome, maana sikuweza kusema mbele ya mgonjwa. Alisoma akiwa amesimama. Alisoma tena. Kisha akaikunja vizuri, akanirudishia, akasema, "Mama, huyu mwanamke wa Misri alijua," akatoka nje upesi. Nikafikiri amechelewa kazini.

Nilipata akili baadaye kidogo, nikiwa nakoroga uji. Kikombe chake. Chumvi yake ya kila siku mbili. Nami nilikuwa nafunga mlango kwa sababu ya baridi.

Siku mbili zilipita. Ijumaa asubuhi pumzi za Zubeda zikabadilika. Emérite ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa anamfuta uso, akaniita, "Mama, njooni. Mimi sijui maneno yenu, njooni mumwambie nyinyi." Suhaib akasoma Yasini. Nikamtamkia Zubeda shahada sikioni, naye akainua kidole cha mkono wa kushoto. Tukangoja. Alikuwa ametulia, lakini macho yake hayakuniacha. Yalikuwa yananidai.

Nikakaa nyuma yake, nikamwegemeza kifuani kwangu kama alivyoniegemeza yeye. Alikuwa mwepesi. Nikaanza, "Ya Ghafari..." Na hapo sauti ikanikatika. Nilikuwa nimejiandaa kusema Maliki, nilikuwa nalo mdomoni, lakini machozi yakaja kwanza. Nikajaribu tena. "Ya Ghafari, shuaya..."

"Malhi," Zubeda akasema.

Suhaib aliinua kichwa kutoka kwenye msahafu. Mtu huyu hakuwa amesema neno lolote isipokuwa basi kwa miezi kumi na tano. Na hakusema Maliki. Alisema malhi, polepole, kama mtu anayemsahihisha mwenzake.

Nikageuza uso wake nimtazame. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa unacheka. Kwa mkono wa kushoto akaonyesha sanduku lake lililo chini ya dirisha. "Basi," akasema. "Basi, basi."

Emérite akafungua. Chini kabisa, ndani ya gauni la mkono wa Bahija, kulikuwa na daftari. Hakuna mchwa aliyeligusa. Ukurasa wa wimbo ule ulikuwa na mwandiko wake wa zamani wa penseli, mianzo yangu na miisho yake. Na pembeni, kwa wino wa bluu, Zubeda alikuwa ameandika hivi:

*Mke wa mwalimu wa Kimisri kaniambia leo nikimpima gauni. Garti ni jirani. Malhi ni chumvi. Si dua. Mayasa asiambiwe. Mei 1971.*

Nililisoma kwa sauti, maana nilitaka Suhaib na Emérite wasikie. Kisha nikamwambia, "Wewe mwanamke. Miaka arobaini na moja!" Nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiuita wimbo ule dua. Yeye, miaka yote hiyo, alikuwa anasema ile ya Bahija.

Tukaimba. Nilisema mianzo, na miisho aliyoweza aliisema yeye, na ile asiyoiweza nilimsaidia kutoka kwenye daftari. Mara hii tulisema ya garti, kama inavyotakiwa. Sauti yake ilikuwa kama ya karatasi inayokunjwa. Kwenye mstari wa vikombe hakujibu, nikausema mwenyewe. Kwenye mstari wa mwisho alibonyeza mkono wangu. Saa nne na dakika kumi Emérite aliweka kiganja mbele ya pua ya Zubeda, akanitazama, akatikisa kichwa.

Tulimzika alasiri ile ile, baada ya sala ya Ijumaa. Shukri alifunga duka akaja. Wanawake wa Tanga na wa Unguja walijaa nyumbani kwetu siku tatu, wakapika, wakaosha vyombo, wakanilazimisha kula. Siku ya nne wakaondoka. Suhaib akaenda kazini, wajukuu wakaenda shule. Mke wa Suhaib naye aliniuliza mara mbili kama abaki, nikamwambia aende.

Nikachemsha chai. Nikatoa vikombe viwili.

Kopo la chumvi lilikuwa juu ya rafu, limejaa, limefungwa vizuri. Nikachukua kikombe kimoja, nikavuka korido, nikagonga mlango wa Emérite. Ilikuwa saa tatu na nusu, bado hajaenda saluni. Alifungua akiwa na kitana kichwani.

"Emérite, mwanangu," nikasema, "nisaidie na chumvi kidogo."

Aliangalia kikombe, akaniangalia na mimi. Hakwenda kwenye chumvi. Alifungua mlango wote, akaondoa nguo kwenye kiti, akakivuta karibu na jiko penye joto, akanishika kiwiko mpaka nikakaa. Chumvi alinipa tulipokwisha kunywa chai, nami niliipokea kwa mikono miwili.